Naandika hadithi ya nchi ya kubuni iliyojitenga na majirani wanaigombea. Wakuu, nisaidieni kuijenga (uzi mrefu)

Mleta mada, Chumbageni, Tanga

Wakuu salaam.

Nina hadithi ndefu ninayoiandika. Ni ya nchi ya kubuni iliyojitenga, ikatangaza uhuru, ikatambuliwa na mataifa machache ya mbali, huku majirani zake wawili kila mmoja akisema ile ni ardhi yake. Nimeipa jina Rasini. Haimo kwenye ramani yoyote. Ina kisiwa kimoja chenye bandari, ukanda wa pwani wa minazi na mashamba ya chumvi, na mto unaoitenga na jirani wa kusini. Naomba isisomwe kama fumbo la Zanzibar, la Mombasa wala la kwetu Tanga. Siku nikitaka kuandika kuhusu huko nitapataja kwa majina yake.

Nimeileta hapa kwa sababu moja. Hadithi za nchi zilizojitenga huwa ni za majenerali, bendera na hotuba ya redioni, basi. Raia haonekani. Mimi namtaka binti wa miaka kumi na tisa aliyefaulu, anataka kwenda kusoma ng'ambo, ana cheti cha kuzaliwa chenye muhuri halali wa serikali yake, na afisa wa jirani anakigeuza-geuza kama karatasi ya kufungia maandazi. Kitabu kizima namfuata huyo.

Kwa sheria, Rasini haina upungufu mkubwa. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 ulitaja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo lake, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Tatu za kwanza inazo. Ya nne ndiyo ugomvi wote, maana kuhusiana kunataka watu wawili, na mmoja akikataa hakuna uhusiano.

Mfano ninaoutegemea zaidi ni Somaliland. Wengi wanaizungumzia kama kitu kilichozuka mwaka 1991, na si hivyo. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza Juni 26, 1960, ikakaa nchi kamili kwa siku tano, kisha Julai 1 ikaungana na Somalia iliyokuwa chini ya Waitaliano. Muungano ule ukaja kuishia kwenye vita na mabomu juu ya Hargeisa, mji wao mkuu, na serikali ya Siad Barre ilipoanguka, Mei 18, 1991 wakatangaza kuurudisha uhuru wao. Wana bunge, polisi, pasipoti, na shilingi yao wenyewe tangu 1994. Wanapiga kura na rais aliyeko madarakani anashindwa, anaondoka. Pamoja na yote hayo ilipita zaidi ya miaka 30 bila mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa kuwatambua, mpaka Israeli ilipofanya hivyo Desemba 26, 2025. Mogadishu inasema ni sehemu ya Somalia na haibanduki hapo.

Sasa tazameni mashariki ya nchi hiyo, mikoa ya Sool na Sanaag. Puntland, jimbo la Somalia, nayo inaidai. Na wako wenyeji wa huko ambao hawataki Somaliland wala hawataki kuamuliwa na Puntland. Mwaka 2023 palipigwa vita Las Anod na Somaliland ikaupoteza mji. Hilo limenifundisha jambo kubwa kuhusu Rasini: lazima iwe na wilaya kule mtoni ambayo watu wake hawaitaki Rasini yenyewe. Mtunzi anayejenga nchi iliyojitenga na asiweke ndani yake watu wanaotaka kujitenga nayo, huyo anawaonea wasomaji wake.

Maisha ya kila siku nimeyachukua hukohuko. Hargeisa wabadilisha fedha hupanga mabunda ya noti barabarani, yamerundikwa kama matofali, kwa sababu shilingi ile thamani yake ni ndogo. Tangu mwaka 2009 kuna huduma ya kulipa kwa simu inaitwa Zaad, na watu wanalipia mpaka chai. Nchi isiyo na benki zinazounganishwa na dunia imejitafutia njia. Na bandari ya Berbera: mwaka 2016 DP World ya Dubai iliingia mkataba wa miaka 30 kuiendesha. Kampuni kubwa inasaini na serikali ambayo dola kuu za dunia zinasema haipo! Mkataba ule ndio uliofanya nimwandike meneja wa bandari ya Rasini, ambaye meli za majirani wote wawili zinatia nanga kwake usiku, na mchana zinamkana.

Ninachoomba ni vitu vya kushikika. Anayepita Horohoro aniambie karatasi zinavyokwenda. Mwenye kujua sheria, mwenye kujua historia ya pwani yetu, karibuni.

Mdau, dereva wa magari ya mzigo

Mkuu mada hii imenigusa. Mimi Horohoro napita sana, Tanga kwenda Mombasa na kurudi. Watunzi mnaweka askari na bunduki mpakani. Mwenye nguvu pale ni karani mwenye kompyuta. Jina la nchi yako likiwa halimo kwenye orodha ile anayochagua, humalizi safari, hata karani awe mjomba wako wa damu. Hana pa kubonyeza. Atakuonea huruma, atakupa na kiti ukae, lakini gari halitoki.

Halafu bima. Sisi tunavuka na bima ya Comesa, kwamba ukimgonga mtu upande wa pili yuko wa kumlipa. Nani atamkatia bima mwenye gari la Rasini? Kwa hiyo kwenye hadithi yako madereva watakuwa na mabamba mawili ya namba. La nyumbani na la jirani. Kabla ya daraja unasimama pembeni, utingo anashuka na bisibisi, anabadilisha. Utingo mzuri anafungua zile skrubu gizani bila tochi, na zile za nyuma ndizo mbaya zaidi kwa sababu ya vumbi na kutu, anazipaka grisi kila safari. Weka hilo.

Na mzigo uwe machungwa. Ya Muheza yanakwenda sana Kenya. Mkonge unaweza kukaa bandarini, chumvi inaweza kukaa, machungwa hayasubiri mabalozi wapatane. Siku ya tatu chini ya turubai unaanza kusikia harufu.

Kingine, usisahau kuwa mpaka unakata ukoo. Wadigo wako Mkinga na wako Kwale. Msiba ukitokea Lunga Lunga watu wa huku wanakwenda kuzika. Sasa Rasini ikijitenga, nani anakwenda kuzika na kwa kibali gani?

Mleta mada

Kaka, Mungu akuweke. Hilo la karani asiye na pa kubonyeza nalichukua kama lilivyo.

Na la mabamba lina mwenzake wa kweli. Kosovo ilijitangaza Februari 17, 2008, Serbia haikubali. Ugomvi wao wa namba za magari ulifika pabaya mpaka mwaka 2021 wakapatana kwamba gari likivuka, alama za taifa kwenye bamba zifunikwe kwa stika nyeupe. Serikali mbili zinakaa meza moja kujadili stika!

Simu pia. Kwa miaka mingi simu za mkononi za Kosovo zilitumia namba za kuingilia za Monaco na Slovenia, ndipo mwishoni mwa 2016 wakapewa 383. Mtu yuko Pristina, simu yake inasema Monaco. Na Kupro ya Kaskazini, iliyojitangaza Novemba 15, 1983 na kutambuliwa na Uturuki peke yake, barua zake huandikwa "Mersin 10, Uturuki", zinapita huko kwanza. Kwa hiyo binti yangu wa Rasini, anwani yake kwenye fomu ya chuo itakuwa sanduku la posta la nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

La maziko nitaliandikia sura nzima. Bibi yake anafia ng'ambo ya mto.

Mdau, Pangani

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umeomba isisomwe kama fumbo la kwetu na nimekuelewa, ila usiiache historia ya kwetu ikupite, maana pwani hii imeshawahi kugombewa kwa karatasi kuliko kwa bunduki.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakakubaliana kuwa Sultani wa Zanzibar anamiliki ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Tanga, Pangani na Bagamoyo zote zimo. Ndani ya hapo kuna watu wenye maliwali wao, mashamba yao, biashara zao, na hakuna aliyewauliza. Aprili 1888 Sultani Khalifa akaikodisha pwani ya upande wetu kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti kampuni ikaja Pangani kushika madaraka, ikataka bendera yake ipepee pamoja na ya Sultani. Hapo ndipo moto ulipowaka. Abushiri bin Salim akaongoza mapigano yaliyofika mpaka Bagamoyo, na Desemba 15, 1889 akanyongwa hapahapa Pangani. Mwaka 1890 Ujerumani ikamlipa Sultani mark milioni nne, ukanda wetu ukawa wa Wajerumani moja kwa moja.

Upande wa Kenya haukuuzwa. Uliendelea kuwa wa Sultani kwa jina huku Mwingereza akitawala, na ndiyo maana miaka ya 1960 kule kulikuwa na madai ya Mwambao, yaani ya pwani kujitenga na Kenya, mpaka ikaletwa tume ya Robertson mwaka 1961, na Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakamaliza kwa maandishi kwamba ukanda ni wa Kenya. Mtu wa Vanga na mtu wa Moa ni majirani, wanavua maji yaleyale. Mmoja babu yake alikodishwa, mwingine babu yake aliuzwa.

Nakushauri hivi. Jirani wa kaskazini wa Rasini awe na hati ya kununua. Wa kusini awe na hati ya kukodisha ambayo anadai muda wake umekwisha na mali irudi kwake. Zote mbili ziwe halali, zina saini na mihuri. Hapo msomaji hatapata mwongo wa kumzomea, na huo ndio uchungu wenyewe.

Mleta mada

Shekhe, hapa umenipa uti wa mgongo wa kitabu. Nilikuwa na majirani wawili wenye tamaa. Sasa nina majirani wawili wenye hoja, na hilo linaumiza zaidi.

Mdau, Bagamoyo (mstaafu wa mahakama)

Nimesoma uzi wote. Nataka kusema kuhusu cheti cha huyo binti, kwa sababu hapo sheria imewahi kusema jambo la kiutu.

Afrika Kusini ilipokataa kuondoka Namibia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake Juni 21, 1971. Ikasema kukaa kwake kule ni kinyume cha sheria na mataifa yasiutambue utawala ule. Lakini ikaongeza kwamba kutotambua huko kusiwanyime wananchi faida, na ikataja kwa uwazi uandikishaji wa kuzaliwa, kufa na ndoa. Maana yake, unaweza kuikataa serikali bila kumwambia mtoto kwamba hakuzaliwa. Ndoa ni ndoa. Maiti ni maiti. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu baadaye imeifuata hoja hiyo katika mashauri ya Kupro ya Kaskazini.

Katika kazi yangu niliona watu wakihangaika kwa cheti kilichokosewa herufi moja tu, na hiyo ni nchi inayotambuliwa na dunia nzima. Mama anakuja na mtoto mgongoni, karatasi ameikunja mara nne ndani ya kitambaa, anaifungua taratibu isichanike kwenye mikunjo. Kwa hiyo nakusihi, usimfanye afisa wa jirani awe katili. Mfanye awe mtu anayeogopa kwamba akipiga muhuri wake juu ya ule wa Rasini, wakubwa zake watasema ameitambua nchi. Hofu hiyo ipo kweli. Suluhisho lake nalo lipo: karatasi ya pembeni. Muhuri unagongwa kwenye karatasi tupu iliyochomekwa ndani ya pasipoti, ukirudi unaichomoa. Pasipoti inabaki safi na kila upande unajisemea haukuona kitu.

Mdau, Makorora

Aisee uzi umeshiba. Mleta mada mimi swali langu dogo: nani anaitambua Rasini kwanza, na kwa nini? Maana naona umesema "mataifa ya mbali". Halafu wana timu ya taifa? Mimi nchi bila timu sielewi.

Mleta mada

Timu ipo mdogo wangu. Kosovo waliingia FIFA Mei 2016. Zanzibar unaijua mwenyewe, Machi 2017 CAF wakaipa uanachama kamili, Julai wakaufuta. Na kuna mashindano ya timu zisizo na FIFA, mwaka 2016 yalifanyika Abkhazia, nchi iliyojitenga na Georgia, na wenyeji wakachukua kombe. Rasini watacheza hayo, na mechi itaangaliwa na wilaya ile ya mtoni inayoikataa nchi. Hapo sijaamua watashangilia nani.

Swali la nani anatambua kwanza ndilo lililonisumbua zaidi. Kuna njia mbili na zote zimetokea.

Njia ya kwanza ni ya kubadilishana. Abkhazia ilitambuliwa na Urusi mwaka 2008, zikafuata Nicaragua, Venezuela na kisiwa cha Nauru. Tuvalu na Vanuatu zikaitambua mwaka 2011, kisha zikaondoa. Nchi inatambuliwa Jumatatu, baada ya muda inaachwa. Hebu fikiria mwalimu wa jiografia wa huko na ramani yake ya ukutani.

Njia ya pili inatuhusu sisi Watanzania. Mei 30, 1967 Biafra ilijitenga na Nigeria. Aprili 13, 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua, zikafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia, na baadaye Haiti. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa mstari wa mbele Cairo mwaka 1964, OAU ilipoazimia kwamba mipaka tuliyoachiwa na wakoloni iheshimiwe. Miaka minne baadaye anaitambua nchi inayovunja mpaka huo. Hoja yake ilikuwa kwamba dola ipo kwa ajili ya uhai na usalama wa watu, na watu waliouawa na kufukuzwa kwa sababu ya asili yao, wakafika mahali pa kuona serikali ile si yao tena, huwezi kuwalazimisha kwa risasi waseme ni yao. Watu wanabishana mpaka leo kama alikuwa sahihi. Mimi naamini alikuwa sahihi kuuona uchungu ule, ingawa Biafra ilisalimu amri Januari 15, 1970 na kutambua kwetu hakukuwaokoa na njaa.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1997 kisiwa cha Anjouan kilijitangazia uhuru kutoka Komoro, hakuna aliyekitambua. Kilirudi kwenye muungano kwa makubaliano, mgogoro ukafufuka mwaka 2007 chini ya Mohamed Bacar, na Machi 25, 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika yakashuka kisiwani kumwondoa. Wanajeshi wetu wa Tanzania walikuwamo. Nchi yetu basi imewahi kusimama pande zote mbili za jambo hili, na nafikiri ndiyo sababu Mtanzania anaweza kuliandika kwa haki.

Kwa hiyo Rasini itatambuliwa kwanza na nchi moja masikini ya mbali, isiyopata chochote, ambayo rais wake aliguswa. Ya pili itatambua kwa sababu ya bandari. Binti yangu atayajua hayo yote mawili, na visa ya masomo itatoka kwa ile ya bandari.

Mdau, Raskazone

Kaka pole na kazi. Mimi si mtu wa siasa ila nafuatilia habari za Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi ambayo Morocco inasema ni yake, ndiyo maana nauliza. Jamhuri yao ilitangazwa Februari 27, 1976. Sisi Tanzania tuliitambua 1978, ni mwanachama wa Umoja wa Afrika, na Morocco iliyojitoa OAU mwaka 1984 kwa ajili yao imerudi 2017, sasa wanakaa ukumbi mmoja. Wakati huohuo kuna bibi kwenye kambi za Tindouf, Algeria, amejukuu humo. Kiti wanacho Addis Ababa, nyumbani hawajarudi. Kwa hiyo kutambuliwa nako si mwisho wa shida. Sasa huyo binti, umemwandikia arudi au asirudi? Maana mama yake atakuwa bado yuko Rasini.

Mleta mada

Dada, asante. Swali lako ndilo nililokuwa nalikwepa sura baada ya sura, na sasa nalijibu.

Anarudi. Anasoma ukunga, anarudi kufanya kazi kwenye zahanati ya wilaya ile ya mtoni, kwa watu wanaoikataa nchi yake. Mtoto akizaliwa pale, wazazi wanagombana cheti kiandikwe cha nani: cha Rasini, cha jirani, au cha wilaya wanayotaka iwe nchi. Yeye anakuwa na daftari lake la zahanati, la mistari, analoandika jina la mtoto, la mama, uzito, siku na saa. Hakuna safu ya nchi. Mzee wa Bagamoyo, nitakuomba uniambie kama daftari la namna hiyo likipelekwa mbele ya hakimu linaweza kusimama kama ushahidi wa kuzaliwa, na nani anapaswa kulisaini.

Dereva, nawe nakuomba kitu kimoja: niandikie safari nzima ya siku moja, kuanzia kupakia Muheza mpaka kupakua, saa kwa saa, hata zile za kukaa tu kwenye foleni. Sura ya machungwa naianza wiki hii na nitaileta hapahapa muisahihishe kabla haijaenda popote.